Majina ya Nchi ya Maji na Matope

Katika ofisi moja huweza kuketi makarani wawili, mmoja mzaliwa wa Kisauni na mwenzake mzaliwa wa Kisumu, na wote wawili wakaandika neno "ziwa" katika barua zao bila ya kutambua kwamba hawasemi kitu kimoja. Yule wa Kisumu akisema ziwa, macho yake huona maji yasiyo na ng'ambo, yenye mawimbi na merikebu. Yule wa Kisauni alikulia karibu na mtaa uitwao Ziwa la Ng'ombe, na kwa watu wa Pwani tangu zamani ziwa laweza kuwa dimbwi kubwa tu la maji ya mvua, ambalo ng'ombe hunywa na mtoto huvuka kwa miguu wakati wa kaskazi. Wala hakuna aliyekosea. Kiswahili kimetoa neno hilo moja kwa maji makubwa na madogo, na tena kikalipa kifua cha mama, ambacho nacho huitwa ziwa, na kile kinachotoka humo huitwa maziwa.

Neno la pili lililobadilika, na hili limebadilika zaidi, ni "bwawa". Kamusi za zamani zilieleza kuwa bwawa ni mahali pa chini palipotuama maji na matope, pasipopitika kwa urahisi, penye matete na mbu. Lilikuwa jambo la Mungu, halikuchimbwa na mtu. Siku hizi kijana wa shule akiulizwa bwawa ni nini atajibu kwamba ni maji yaliyozuiliwa kwa ukuta wa saruji ili kupata umeme au kumwagilia mashamba, au hata mahali pa kuogelea penye vigae vya buluu. Hivyo neno limehama kutoka katika matope likaingia katika saruji, na yale matope yakabaki hayana jina lililo wazi. Wengine husema kinamasi, neno ambalo pia hutumika kwa utelezi kama ule wa bamia. Wengine husema tope, wengine mbuga, na wengi huandika tu "mahali pabaya penye maji". Karani wa ardhi hawezi kuandika maneno mengi namna hiyo katika daftari. Ataandika "ardhi isiyotumika", na hapo ndipo taabu inapoanza.

Msafiri atakaye kuyajua mahali haya yenyewe, si maneno yake tu, na aanzie baharini. Nyuma ya kisiwa cha Mombasa, katika hori za Tudor na Mwache, na kusini huko Gazi, bahari huingia nchi kavu mara mbili kila siku na kutoka mara mbili, na katikati ya kujaa na kupwa imeota miti ambayo wageni huiita yote mikoko. Wenyeji hawaifanyi hivyo. Kwao mkoko ni ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa. Mchu ni ule unaotoa mizizi midogo kama vidole vilivyochomoza katika matope. Mlilana husimama mbele ya yote, ukikabili maji. Na mkandaa hukaa nyuma penye ardhi ya juu kidogo. Mtu aliyefundishwa majina hayo aweza kujua kina cha maji na ugumu wa matope kabla ya kukanyaga, kwa kuutazama mti tu. Asiyeyajua atazama hadi magoti.

Miti hiyo ilikuwa mali. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuja na tende na chumvi na mazulia, yakarudi na miti ya Lamu kwa ajili ya dari za nyumba za Oman na nchi jirani, ambako miti mirefu haioti. Nayo ilikuwa na majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Upana wa vyumba katika nyumba za kale za Pwani hufuata urefu wa boriti, na kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Kenya ilizuia kuipeleka miti hiyo nchi za nje mwaka 1982. Baadaye, mwaka 2013, watu wa Gazi na Makongeni walianza kazi iitwayo Mikoko Pamoja, ambayo hupata fedha kwa kuilinda miti badala ya kuikata, kwa sababu matope yaliyo chini yake huhifadhi hewa ya kaboni kwa muda mrefu sana. Na fedha hizo zimetumiwa kwa maji ya bomba na mahitaji ya shule. Wazee waliouza korija kwa manahodha hawangeliweza kudhani kwamba siku moja mtu wa Ulaya atalipia mti ili usikatwe.

Ukienda kaskazini, hapo mto Tana unapokaribia bahari, maji ya chumvi na maji matamu hukutana, na nchi yote huwa tambarare ya mito inayogawanyika. Hapa kinamasi ndiyo riziki yenyewe. Wapokomo walingoja gharika, mto ukavuka kingo zake na kuacha udongo mpya, nao wakapanda mpunga kwa kuyafuata maji. Waorma nao walingoja kiangazi, kwa sababu majani ya nyika yalipokauka, majani ya huko chini yalikuwa bado mabichi, na ng'ombe maelfu waliteremshwa. Mmoja alihitaji mafuriko na mwingine alihitaji yale yaliyoachwa na mafuriko, na kwa mapatano yao ya zamani nchi ile ile iliwatosha wote. Katika bonde la Rufiji, Tanganyika ya zamani, wakulima waliishi kwa hesabu iliyo sawa na hiyo, wakapanda mazao yaitwayo mlau katika unyevu ulioachwa na mto.

Halafu likaja bwawa la namna mpya. Bwawa la Masinga lilimalizika mwaka 1981 juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya Tana, na tangu hapo gharika zilipungua na kubadilika majira. Taa ziliwaka Nairobi, jambo ambalo hakuna wa kulidharau. Lakini bwawa la saruji lililonyima maji bwawa la matope halikuandikwa hivyo katika taarifa yo yote, kwa kuwa yale ya chini hayakuwa na jina la kuandikwa. Katika miaka ya 2000 ilitangazwa mipango ya kulima miwa kwa maelfu ya hekta katika nchi hiyo ya chini. Tangu Agosti 2012 hadi mwanzo wa 2013 Wapokomo na Waorma walipigana, na watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo. Lakini malisho na mashamba na njia za ng'ombe za kwenda mtoni vilikuwa katikati ya ugomvi huo. Mwaka ule ule wa 2012 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya mataifa ya maeneo yenye maji yanayostahili kulindwa, orodha iliyotokana na mkataba uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Uajemi, tarehe 2 Februari 1971. Kenya ilikuwa imekwisha kuandikisha Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elementaita, ambayo yote ni maziwa. Tana ilikuwa ya sita, na ya kwanza kuwa hasa nchi ya matope.

Mahali pengine jina lenyewe limewahadaa watu waliosafiri mbali. Mwisho wa mwaka 1892 Mmarekani mmoja, William Astor Chanler, pamoja na rafiki yake Ludwig von Höhnel, afisa wa manowari wa Austria, walifuata mto Uaso Nyiro kuelekea mashariki, kwa maana walisikia kwamba mto huo unaingia katika ziwa kubwa liitwalo Lorian. Walisafiri siku nyingi katika joto na miba, punda wakifa, wapagazi wakilalamika. Walipofika waliona bahari ya majani na matope, na mto ukifia humo. Ziwa halikuwapo. Pengine aliyewaambia hakusema uongo hata kidogo. Alitumia neno la kwao kwa maji mengi, na mkalimani akalitia katika neno la pili, na msafiri akalitia katika la tatu, na kila mara maji yakazidi kina.

Lorian bado ipo, ingawa imepungua sana kwa kuwa maji ya Uaso Nyiro huchukuliwa na watu wengi huko juu milimani na nyandani. Mvua ikiwa kubwa mno, maji hupita na kufuata mkondo mkavu uitwao Lagh Dera kuelekea Somalia. Mji ulio jirani na kinamasi hicho ni Habaswein, na maana yake kwa Kisomali ni vumbi kubwa. Jambo hili laweza kumchekesha mgeni, kwamba watu walio karibu na maji wameuita mji wao vumbi. Lakini mchunga ngamia anajua kwamba nchi ya namna hiyo ina nyuso mbili, na aliyeipa jina alikuja wakati wa kiangazi.

Ndivyo ilivyo na Amboseli, jina ambalo katika Kimaasai nalo lina habari ya vumbi, vumbi la chumvi. Sehemu kubwa ya mwaka ziwa la Amboseli huwa uwanja mweupe ambao upepo huuzungusha. Hata hivyo katikati ya uwanja huo, ndovu husimama katika majani mabichi, maji yakiwafika tumboni. Maji hayo hayakunyesha hapo. Yalinyesha juu ya Kilimanjaro, yakazama katika mawe ya volkano yenye matundu, yakapita chini ya ardhi, yakatokea tena chini ya mlima. Wamaasai waliita mojawapo ya vinamasi hivyo Enkongu Narok, yaani jicho jeusi, kwa kuwa katika lugha yao chemchemi na jicho ni neno moja. Mswahili hahitaji mkalimani kwa hilo, maana yeye mwenyewe husema jicho la maji; na Mwarabu wa Oman naye ana neno moja, ain, kwa vyote viwili. Watu watatu wasiolingana kwa lugha wala kwa maisha waliyatazama maji yanayotoka katika ardhi kavu, wote wakaona kwamba yanawatazama.

Nairobi nayo ni jina la maji, na ajabu ni kwamba wakazi wake wengi hawalikumbuki mpaka mvua inyeshe. Enkare Nairobi, maji baridi, ndivyo Wamaasai walivyoiita. Reli ilipofika hapo mwezi wa Mei 1899, ilikuta tambarare mwishoni mwa nyanda na mwanzoni mwa milima, ikafaa kwa kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Wenye kujenga reli walitafuta usawa wa ardhi, wala hawakutafuta mahali pa kukaa watu laki kadhaa. Kando ya mto palikuwa na mafunjo, na udongo ni ule mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Tauni ilitokea katika soko mwaka 1902, nyumba zikachomwa moto. Ikarudi, na mwaka 1904 madaktari wakasihi mji wote uhamishwe upelekwe mahali pa juu. Haukuhamishwa. Kinamasi kilichokuwa baina ya mto na mji kilikaushwa kwa mifereji, kikauzwa, kikajengwa maduka na gereji. Aprili na Mei 2024, mvua ilipozidi, mito ya Nairobi ilidai njia yake ya zamani. Watu wengi walikufa katika nchi nzima, na Serikali ikaamuru waliokaa katika mita 30 za kingo za mito wahame. Wengi waliohamishwa walikuwa maskini wa Mathare na Mukuru. Majengo ya ghorofa yaliyo juu ya matope ya zamani hayakuulizwa sana.

Mto huo wa Nairobi huanzia Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Si mahali pakubwa, na aendaye kwa gari huweza kupita bila ya kupatambua. Lakini Ondiri ina tabia ambayo ni nadra katika nchi hii: majani yake hayakuota juu ya ardhi bali juu ya maji. Mizizi na majani yaliyooza yamesukana kama mkeka mnene unaoelea, na mtu akiukanyaga, ardhi hutetemeka mbele yake kama kitanda cha kamba. Chini kuna maji yenye kina. Kwa miaka mingi wakulima wa maua na wa mboga waliingiza pampu kandokando yake, na maji machafu ya mji yakaelekezwa humo, mpaka wenyeji wakaungana kupanda mianzi na miti ya asili na kuondoa mikaratusi. Mkaratusi uliletwa katika sehemu nyingi za nchi hii kwa kazi hiyo hasa, kunywa maji ya mabonde ili mbu wafe. Ulifanya kazi yake kwa bidii, na haujui kuacha.

Mkulima anayesoma habari hizi huenda ana bonde lake mwenyewe chini ya kilima, penye nduma na majani ya ng'ombe. Huyo anajua mambo ambayo wataalamu walichelewa kuyajua. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alieleza kwamba udongo wa nchi hizi hufuatana kutoka juu ya kilima hadi chini kama pete za mnyororo: mwekundu juu, wa kahawia ubavuni, na mweusi chini, kwa kuwa maji huchukua vitu vya juu na kuvishusha. Ule wa chini kabisa, mweusi na mzito, uliitwa mbuga, neno lililochukuliwa kwa wenyeji; na kwa muda mrefu wataalamu wa Kiingereza waliandika mbuga katika vitabu vyao bila ya kulifasiri. Wenzao wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia, waliandika dambo, neno la Kichewa, kwa bonde kama hilo. Lakini hapa kwetu Afrika ya Mashariki mbuga imehama kama bwawa lilivyohama. Leo ukisema mbuga, watu hufikiri simba na watalii.

Mbuga hushika maji ya masika na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu kijito kilicho chini yake hakikauki. Mkulima akichimba mfereji mrefu katikati yake, mwaka wa kwanza hupata mavuno mazuri mno, maana udongo una nguvu iliyowekwa akiba kwa miaka mingi. Mwaka wa tatu au wa nne kisima cha jirani hushuka. Pale penye majani yaliyooza, udongo uliokauka hunywea, ukatitia, na ukishika moto huungua chini kwa chini. Mkulima mwenye busara huchimba mifereji mifupi, akaacha ukanda wa mafunjo kando ya kijito, akapanda juu ya matuta. Hilo halimkatazi kula.

Nchi ya Rwanda ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Huko vinamasi vina jina moja linalojulikana na kila mtu, ibishanga, kwa sababu kila kilima kina chake, na nchi ni vilima vitupu. Rugezi, kilicho kaskazini, hulisha maziwa ya Burera na Ruhondo, ambayo maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walilima ndani ya Rugezi na mifereji ikakatwa, na kufikia mwaka 2004 maji ya Burera yalikuwa yamepungua hata mitambo ikakosa nguvu, na mji wa Kigali ukawa na giza na mashine za mafuta zilizokodiwa kwa fedha nyingi. Serikali ikawaondoa wakulima kando ya kinamasi, na maji yakarudi. Ni kweli kwamba wakulima hao walipata hasara, na hasara yao haikupimwa kwa uangalifu kama umeme ulivyopimwa.

Katika Uganda neno ni entobazi, na mwaka 1986 Serikali ilizuia kukausha vinamasi kwa mashamba makubwa. Mji wa Kampala hutegemea kinamasi cha Nakivubo, ambacho hupokea maji machafu ya mji na kuyachuja katika mizizi ya mafunjo kabla hayajaingia ziwani, karibu na mahali ambapo mji huo huo huchota maji ya kunywa. Mafunjo haya, ambayo Wamisri wa kale waliyafanya karatasi, huitwa kitoogo kwa Kiganda na togo kwa Kijaluo, majina yanayofanana, na kwa Kinyarwanda ni urufunzo, ambalo ni ndugu wa funjo la Kiswahili. Mnyama wa mafunjo hayo ana majina ya ukoo mmoja vilevile: nzohe kwa Kiswahili, inzobe Rwanda, na njobe kwa Waganda, ambao wana ukoo mzima wenye mwiko wa kumla. Ni paa mwenye kwato ndefu zilizopanuka, aweza kukimbia juu ya matope bila ya kuzama, na akiogopa hujizamisha majini akaacha pua tu. Karibu na Kitale, mwaka 1974, kinamasi cha Saiwa kilifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili yake, nayo ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Kenya, kama kilometa 3 za mraba. Huko hakuna gari. Wageni huenda kwa miguu juu ya njia za mbao na kungoja kimya.

Safari hii haiwezi kumalizika isipokuwa Yala. Hapo mito ya Yala na Nzoia inapoingia katika Ziwa Victoria, katika wilaya ambazo sasa ni kaunti za Siaya na Busia, kuna kinamasi cha maji matamu kilicho kikubwa kuliko vyote vya Kenya, kama hekta 17,500, yaani zaidi ya eka 43,000. Kwa mbali ni ukuta wa kijani uliopanda juu kuliko kichwa cha mtu. Ndani yake kuna maziwa matatu, Kanyaboli, Sare na Namboyo, na watu wa kando yake huishi kwa vitu vingi kuliko vinavyoweza kuonekana barabarani: samaki, mikeka, kamba, dawa, udongo wa vyungu, malisho ya kiangazi, na viazi na mboga zinazopandwa pale maji yanaporudi nyuma.

Habari ya samaki ni ya kustaajabisha. Ziwa Victoria lilikuwa na samaki aitwaye ngege, ambaye alikuwa chakula cha wazee na sadaka ya harusi. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta aliingizwa ziwani, samaki mkubwa mla wenzake, na pamoja na nyavu za macho madogo na wageni wengine wa aina ya ngege, ngege wa asili akatoweka katika ziwa kubwa, na aina nyingi za fulu zikapotea pamoja naye. Lakini katika Kanyaboli ngege alibaki. Kilichomwokoa ni kinamasi chenyewe: maji yaliyo chini ya mafunjo yana hewa kidogo mno, na mbuta, ambaye hutaka hewa nyingi, hawezi kupita humo. Kamongo, mwenye mapafu, huweza kupita; yeye hata maji yakikauka hujichimbia katika matope na kungoja mvua. Basi ukuta ule ambao mtu wa mipango aliuona kuwa kizuizi cha maendeleo ulikuwa mlango uliofungwa dhidi ya adui.

Katika miaka ya 1960, karibu na mwisho wake, Serikali ilikausha hekta 2,300 za Yala ili kulima, ikajenga tuta na kugeuza mkondo wa mto. Mwaka 2003 kampuni moja kutoka Marekani ilipewa mkataba wa sehemu hiyo, ikalima mpunga na kufuga samaki. Watu wengine walipata kazi na barabara. Wengine walilalamika kwamba malisho yao yamefunikwa na maji ya bwawa jipya, na kwamba njia zao za kwenda mtoni zimefungwa. Kampuni hiyo iliondoka kabla ya mwongo wa 2020 kuanza, na shauri la nani apewe ardhi hiyo baada yake likaendelea katika mabaraza na mahakama. Hoja iliyorudiwa na kila aliyetaka kuipata ilikuwa ile ile ya daftari: ardhi haitumiki. Mwanamke aliyekata togo humo kwa miaka thelathini, na kuwasomesha watoto kwa mikeka, hakuwa na hati ya kuonyesha kwamba aliitumia, kwani hakuweka ua, wala hakujenga, wala hakuwafukuza wengine. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wakati wo wote tangu lilipoanza kupimwa, na maji yakaingia tena katika sehemu nyingi zilizokuwa zimeandikwa kuwa ni nchi kavu.

Katika ramani za Serikali zilizopigwa chapa wakati wa ukoloni, na katika nyingi zilizofuata, kinamasi huonyeshwa kwa alama ndogo za majani ya buluu yaliyopangwa kwa mistari, na juu yake huandikwa jina moja la mto kwa herufi zilizotawanyika. Mvuvi wa Yala akionyeshwa ramani hiyo hutafuta kwa kidole mahali pake na hapaoni. Yeye ana jina kwa mkondo unaopitika kwa mtumbwi wakati wa masika tu, na jina jingine kwa ule ambao hufungwa na mafunjo upepo ukivuma kutoka ziwani. Ana jina kwa kisiwa kinachoelea na kwa kile kilichosimama, kwa tope linalobeba mtu na kwa tope linalommeza. Hakuna aliyemwuliza ayaseme alipokuja kupima. Huusukuma mtumbwi wake kwa upondo, akayapita majani yale ya buluu, akaingia ndani.